Kidonge cha Jioni

Butembo, Jumamosi mchana

Kambale,

Umetoka kwenda kunyoa nywele, nami nakujua: kwa kinyozi utakaa saa tatu, nusu saa ya nywele na zilizobaki ni za mpira. Basi nina nafasi. Nimewaambia wateja kwamba leo sipimi viazi, nimefunga mlango, na nimechana kurasa za katikati ya kaye yako ya kuandikia kemia. Usinung'unike, mtihani ulishapita.

Kesho asubuhi unapanda gari la Beni kwenda kusomea kilimo. Sitakuandikia habari za sweta, wala sabuni, wala kufunga begi vizuri mtakaposimamishwa na wanajeshi kwenye barrière. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza. Ninachotaka ni kujibu swali lako la Jumapili.

Ulikuwa umetoka kuongea kwenye simu na shangazi yako Kavira, dada ya baba yako, ambaye utakaa kwake. Ukaketi, ukamega bugali, ukaniuliza bila kunitazama: "Mama, ni kweli madawa ulimeza na mimba yangu njo iliniharibisha?"

Nikakujibu: "Kula, sombe inapoa." Tena kwa ukali, kana kwamba umenitukana.

Ukaendelea kwa sauti ndogo: "Tantine anasema nikifika kwake nipumuzishe kwanza mwili. Miezi mbili bila dawa, na maombi, halafu tutaona." Hukucheka uliposema hivyo. Wewe ambaye hucheka kila anachosema Kavira, tangu tiba yake ya kitunguu saumu mpaka ile ya maji ya moto, safari hii hukucheka. Tangu siku hiyo nimelala vibaya. Mwanangu mwenye miaka kumi na minane anaondoka na kopo lake la vidonge, na moyoni mwake kuna mlango umeachwa wazi. Mimi ndiye niliyeuacha wazi, kwa kunyamaza.

Kwa hiyo sikiliza. Nitakuambia yote, hata yale ya kunifedhehesha.

Nianze na kaka yako. Jina lako, popote walipo Wanande, linatangulia kukusemea. Ukisema Kambale, mtu wa kwetu anajua papo hapo kwamba mama yako alizaa mvulana mwingine kabla yako. Anakuuliza, "Paluku wenu eko wapi?" Umeulizwa hivyo tangu shule ya msingi, na nilikufundisha kujibu "alitutangulia", nawe ukawa unajibu kama mzee mdogo aliyevaa kaptula. Lakini Paluku alikufa na nini umesikia kwa watu tu, si kwangu. Alikufa na SIDA, huo ambao redio inauita UKIMWI. Mimi sikujua kwamba ninayo, baba yako hakujua, na hakuna aliyenipima mimba ile. Paluku hakuonja kidonge hata kimoja akiwa tumboni mwangu. Alizaliwa mnene, akatembea mapema, akawa anaiba mihogo ya jirani na kuja kunionyesha kwa furaha. Ugonjwa ulimkamata alipopita miaka miwili. Ulimla polepole, na kabla hajatimiza mitatu tulikuwa tumemzika. Watu walisema ni minyoo, wengine wakasema amerogwa na jirani wa mihogo.

Miezi michache baadaye nikapata mimba yako. Safari hiyo kwenye kliniki ya wajawazito walimtoa damu kila mmoja wetu. Muganga aliyenipa majibu aliitwa Kahindo, mwanamke mfupi mwenye maneno makavu. Alifunga mlango, akakaa karibu nami, akaniambia. Kisha akanipa vidonge. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, mpaka nijifungue, na kingine cha pekee cha kumeza uchungu ukianza.

Akasema: "Mama, hii dawa njo itafunga njia kusudi kadudu kasifike kwa mutoto. Mais haifungi kama unacheza nayo. Asubuhi na mangaribi. Hapana kusahau, hapana kumupatia mutu."

Hapana kumpatia mtu. Alisema maneno hayo, nami nikaitikia ndiyo.

Baba yako unamkumbuka kwa picha tu, yule mwanaume mwenye koti aliyeshika pikipiki kana kwamba atanyang'anywa. Alikuwa mfanyabiashara wa njia ya Kamango. Kutoka hapa Butembo alipeleka huko chumvi na sabuni, akarudi na kakao. Alikuwa mcheshi, mkarimu, na mwenye kiburi cha ajabu. Nilipomwambia majibu yangu hakunipiga wala hakunifukuza, na kwa hilo bado namshukuru. Lakini nilipomwambia aende naye akapimwe, alisimama.

"Mimi? Banione kwa mulango wa ile nyumba? Bibi yangu, jina yangu njo duka yangu. Kesho asubuhi Kamango muzima itajua. Nani atanikopesha hata mufuko moja ya chumvi?"

Nikamwambia: "Basi nenda Beni, huko hawakujui."

"Beni kuko dada yangu. Njo mbaya zaidi."

Hatukuendelea. Wiki zikapita, mimba ikakua, nami nikapata nguvu, nikawa nakula kama mkata miti. Yeye akaanza kukohoa na kupungua. Jioni moja tulikuwa tunakula kwenye sahani moja, kama tulivyofanya tangu tuoane. Kwa mama yangu tulifundishwa kwamba mke anayejitengea chakula chake ameanza kujitengea na nyumba. Nikatoa kidonge changu nikakiweka kando ya sahani, ili nikimeze nikishiba. Baba yako akakitazama kwa muda mrefu.

Akasema: "Wewe unameza mbili. Mimi sina hata moja."

Kambale, nilikisukuma kidonge kile upande wake wa sahani. Sikufikiri hata dakika moja. Nilidhani hiyo ndiyo ndoa: kama kuna viwili, kimoja changu na kimoja chako. Nilidhani nusu itanitosha, kwa sababu nilikuwa naona nguvu mwilini. Akameza, tukaendelea kula.

Tangu jioni hiyo mpaka ulipozaliwa, cha asubuhi kilikuwa changu na cha jioni kilikuwa chake. Miezi minne. Kahindo alipotazama kopo langu alilikuta tupu siku ile ile lilipopaswa kuwa tupu, akanisifu mbele ya wanawake wengine. "Muone huyu mama, anameza muzuri." Nami nikasimama pale na tumbo langu, nikapokea sifa.

Ulizaliwa ukilia sana. Nilifikiri, huyu ni mzima, mgonjwa hana sauti kama hii. Ulipofika miezi mitatu ukashikwa na homa ya mapafu. Mbavu zako zilikuwa zinaingia ndani kila ulipovuta pumzi. Walitoa tone la damu kisiginoni mwako, wakaliweka kwenye karatasi, karatasi ikaenda mbali kwa ndege, na majibu yakarudi baada ya miezi mingi ambayo sipendi kuikumbuka. Ulikuwa nayo. Wakakuanzishia dawa ya maji.

Hapo ndipo shangazi yako alipokuja kutoka Beni. Nisikudanganye, Kavira anakupenda. Wakati ule alikubeba mgongoni siku nne mfululizo ili mimi nilale. Hana ubaya, ana mdomo tu, na mdomo wake una akili nyingi kuliko wa wengi, ndiyo maana ni hatari. Alikaa jikoni akimenya viazi, akaniuliza taratibu.

"Paluku alimeza dawa mu tumbo yako?"

"Hapana."

"Alianza kugonjwa na myaka ngapi?"

"Mbili na kitu."

"Na huyu ulimumezea dawa?"

"Ndiyo."

"Alianza kugonjwa na miezi ngapi?"

Nikainama kuokota maganda.

"Tatu," akajijibu mwenyewe. "Donc yule bila dawa alitembea, akakimbia, akaiba mihogo. Huyu wa dawa hata kichwa haisimame. Bibi ya kaka yangu, mimi sikusoma, mais kuhesabu ninajua."

Ungejibu nini? Niliwatazama watoto wangu wawili, mmoja kaburini na mmoja mgongoni kwake, na hesabu yake ilikuwa sawa. Yule ambaye sikumfanyia kitu aliugua polepole. Yule niliyempigania aliugua haraka. Nikaingiwa na hofu ambayo siwezi kukueleza: kwamba mikono yangu ndiyo iliyoweka sumu tumboni, na bado inaiweka kila siku kwa kijiko.

Nikachukua chupa ya dawa yako, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaimimina kwenye shina la mgomba. Na ile ya mwezi uliofuata pia.

Sasa unajua. Lile kovu la mpira wa kupumulia wa hospitali lililo karibu na pua yako si la kuanguka kitandani. Ni la siku zile. Ulifikisha mwaka mmoja ukiwa na uzito wa mtoto wa miezi mitatu, na ngozi ya mapaja yako ilikunjamana kama ya bibi kizee. Asubuhi moja ulinitazama, ukajaribu kulia, na sauti haikutoka. Wewe, mtoto wa kelele zile! Nilikufunga mgongoni, nikaenda kwa Kahindo kwa miguu, sikungoja hata pikipiki.

Hakunigombeza. Aliniuliza dawa iko wapi, nikamwambia kwenye mgomba. Akaniuliza sababu, nikamweleza hesabu ya Kavira kama ilivyo. Nilitegemea acheke, au anifukuze. Alivuta kiti.

"Wifi yako si mujinga," akasema. "Hata baganga bakubwa bameona ile kitu. Batoto benye kupata kadudu na mama alikuwa anameza, bamoya banagonjwa mbio kupita benzao. Sitakudanganya."

"Basi ni dawa!"

"Ngoja. Unajua mbuzi? Tengeneza lupango yako, uzio ya miti. Mbuzi kumi hazipite. Moja inapita. Ile yenye kupita iko mbuzi ya namna gani?"

"Yenye kujua kuruka."

"Voilà. Utasema lupango njo ilifundisha mbuzi kuwa mubaya? Pengine kale kadudu kenye kupita kako kakali, ama kaliingia mapema sana, mutoto akiwa angali mudogo mu tumbo. Hata baganga bangali banabishana. Mais batoto ba bale mama bengine, benye lupango ilikamata, unabaona hapa kwangu? Hapana. Beko inje banacheza, hakuna mwenye kubaleta kunionyesha. Wifi yako anahesabu babili tu, Paluku na Kambale. Anasahau bale bote benye hapana kugonjwa."

Nimeyakumbuka maneno hayo miaka yote. Kavira alihesabu waliougua tu. Nami nilikuwa mjinga wa kutosha kuhesabu pamoja naye.

Tukaanza upya, wewe na dawa yako, nami nikapewa vidonge vyangu vya kila siku. Safari hii sikukosa hata kijiko kimoja. Lakini hukupona, Kambale. Mwezi, miezi miwili, mitatu, uzito ukabaki pale pale. Kahindo akaniita tena, akafunga mlango kama siku ile ya kwanza.

"Dawa inaingia, mais kadudu kanaicheka. Kanaizoea, kama vile kalikutana nayo zamani. Mama, unijibu kweli. Ile ya mimba, ulimeza zote?"

Kuna kitu kinaitwa aibu, na mimi nilifikiri nakijua. Sikuwa nakijua kabla ya siku hiyo. Nikamwambia habari ya sahani. Alifumba macho. Kisha akanieleza kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kofi: dawa ikiingia nusu haiui, inafundisha. Kidudu kilichokuwa ndani yangu kilipata miezi minne ya kujifunza kuruka, na kilipovuka kwenda kwako kilikuwa kimeshahitimu.

Kahindo hakuniambia kwamba hiyo ndiyo sababu yote. Alisema "pengine", na pengine hiyo nimeibeba miaka kumi na saba. Huenda ungeambukizwa hata kama ningemeza vyote. Huenda hapana. Hakuna atakayenijibu hapa duniani, na nimeacha kuuliza. Nilichofanya ni kukataa kufanya kosa lile lile mara mbili.

Daktari akakubadilishia dawa. Ile ya pili ilikuwa chungu kama nyongo. Ulikuwa unaitema usoni mwangu, nami nakurudishia, unatema, nakurudishia, mpaka mmoja wetu achoke, na sikuwa mimi. Majirani walisema namtesa mtoto. Niliwaambia walete wao kilio cha mtoto mfu tulinganishe. Sikuwa mtu mzuri siku hizo, nakubali. Lakini ulianza kunenepa. Ulitembea karibu na miaka miwili na nusu, kutoka mlangoni mpaka kwenye kitanda cha baba yako.

Yeye wakati huo alikuwa hainuki. Hakwenda kupimwa mpaka watu walipombeba, na tulikuwa tumechelewa. Ulishika shuka lake, ukasimama unayumba. Akakutazama, machozi yakamtoka, akaniambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu:

"Ile ya mangaribi nilikula, haikukuwa yako. Ilikuwa ya huyu."

Kisha akasema: "Ile ya kidonge, usiambie bandugu yangu."

Nami nikamwahidi. Alifariki juma hilo.

Baada ya matanga, ukoo ulikaa. Wajomba zako hawakuwepo, walikuwa watu wa upande wa baba yako tu, na Kavira katikati. Mzee mmoja akaanza kuzunguka: nyumba hii imepoteza Paluku, imempoteza baba, na mtoto huyu naye anaumwa, je, mwanamke huyu alitoka kwao na nini? Walikuwa wanatafuta mchawi, na mimi nilikuwa nimekaa mahali pa mchawi. Niliinuka nikaingia chumbani. Walidhani nimekimbia kulia. Nikarudi na kopo langu na chupa yako, nikaviweka mezani katikati ya vikombe vyao vya chai.

Nikasema: "Munatafuta mulozi? Jina yake SIDA. Iliua Paluku, iliua ndugu yenu, na mimi iko mu damu yangu. Mwenye anataka kunifukuza, anifukuze. Mais saa moja imefika, na mutoto atakunywa dawa yake hapa mbele yenu."

Nikameza changu. Nikakupakata, nikakupa chako, na siku hiyo, Mungu anajua kwa nini, hukutema. Mzee alikunywa chai yake ikiwa imeshapoa, na hakuna aliyenifukuza mpaka leo.

Watu wa mtaa huu bado wanasimulia siku hiyo kama siku ya ushujaa wangu. Wewe mwenyewe umeisikia mara kumi. Lakini wanachosimulia ni nusu. Siku hiyo nilisema neno SIDA kwa sauti kubwa, halafu nikameza jambo kubwa kuliko hilo. Nilipokaa, Kavira aliniinamia akaninong'oneza, "Mais bado dawa njo ilimuharibisha." Nilikuwa na jibu. Ningemwambia: kaka yako alikula ya jioni. Sikusema. Nililinda jina la marehemu, lile jina ambalo lilikuwa duka lake, nikamwachia dada yake uongo wa kutunza. Ameutunza vizuri, ameulisha miaka yote hii, na sasa anataka kukulisha wewe.

Wazee husema mficha maradhi kilio humuumbua. Nilifikiri methali hiyo ni ya baba yako. Jumapili, uliponiuliza swali lako, ndipo nilipojua kwamba ni yangu pia.

Basi jibu lako ni hili. Hapana, Kambale, dawa niliyomeza haikukuharibu. Kama kuna kitu kilichokuharibu, ni ile ambayo sikuimeza. Ningekuwa na mimba nyingine leo ningemeza asubuhi, ningemeza jioni, na atakayenyoosha mkono kwenye sahani yangu ningemuuma vidole.

Nawe usinipe habari za kupumzisha mwili. Mwili wako ulipumzishwa ukiwa mchanga, miezi miwili, kwenye mgomba, na nusura nikuzike. Wenzako wakikosea wana milango mingi ya kugonga, yaani dawa nyingine za kubadilishiwa. Wewe, kwa sababu yangu, ulizaliwa baadhi ya milango ikiwa imefungwa. Hii dawa unayomeza sasa inafanya kazi. Mwezi uliopita muganga alisema charge virale yako, hesabu ya kidudu kwenye damu, haionekani, ukarudi nyumbani ukacheza dansi jikoni na ukanivunjia sahani. Miezi miwili ya maombi bila dawa ni muda wa kutosha kabisa wa kukifundisha kidudu kuruka tena. Omba, ndiyo. Mimi naomba kila asubuhi, halafu nameza. Mungu hajawahi kunilalamikia.

Sikufichi kwamba naogopa. Huku Butembo nilikuwa naona koo lako likishuka na maji. Huko sitaona. Sitakupigia simu kila jioni kukuuliza, maana ungenijibu ndiyo hata kama ni hapana. Mimi ni bingwa wa kopo tupu, najua jinsi mtu anavyosifiwa bure. Utakuwa peke yako na ukweli wako. Kama utampenda msichana, na utampenda, mwambie kabla hajakaa kwenye sahani yako. Akikimbia, amekimbia. Akibaki, mpe kila kitu ulicho nacho, isipokuwa hicho kimoja. Kuna vitu havigawanywi, na asiyekula chako hajakosa upendo wako. Nililipata somo hilo kwa gharama yako.

Tena usikifiche kopo lako. Niliona umehamishia vidonge kwenye chupa ya vitamini. Virudishe kwenye kopo lake, na uliweke mezani kwa shangazi yako, mahali pa chumvi. Huna deni la aibu kwa mtu. Kidudu hiki hukukitafuta kwenye baa wala kwenye safari, uliletewa ukiwa umelala tumboni. Kama kuna wa kuinamisha kichwa hapa ni mimi, na mimi nimeamua siinamishi.

Jambo la mwisho. Nilimwahidi baba yako kwamba sitawaambia ndugu zake habari ya kidonge. Leo navunja ahadi hiyo, na siku nikikutana naye tutagombana vizuri, nina maneno yangu. Barua hii si yako peke yako. Ukifika Beni, msalimie shangazi yako, kula alichopika, halafu mpe aisome. Kama macho yake hayaoni vizuri, msomee wewe, hata hapo kwenye sahani, na usiruke mstari. Atalia. Alimpenda sana kaka yake. Atanitukana, kisha atanipigia, nami nitapokea. Lakini hawezi tena kukuambia habari ya dawa iliyokuharibu, kwa sababu atajua ilikwenda wapi.

Na wewe, ukishasoma, huenda utanichukia. Una haki. Sitajitetea, wala sitakuomba msamaha kwa karatasi kana kwamba naomba kibali ofisini. Ila nichukie kwa utaratibu, mwanangu: asubuhi kimoja, na maji ya kutosha, kila siku ya maisha yako. Nichukie mpaka uote mvi. Nichukie mpaka uzae, na mtoto wako awe mzima, naye akuulize kwa nini bibi yake ana mdomo mkali hivi. Nitakuvumilia miaka yote hiyo, mradi unichukie ukiwa hai.

Mama yako